Kichaka Nyuma ya Jiko Langu

Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa rangi. Maboga machanga, yale yanayotokea chini ya ua na hayajazidi yai la kuku, yalianza kugeuka manjano nchani. Kesho yake yalikuwa laini. Siku iliyofuata yalianguka. Majani yalikuwa mapana, tukayachuma na kuyapika, lakini hakuna boga hata moja lililokomaa. Nilimwonyesha mama mkwe wangu, Bathsheba, nikidhani nasaidia.

Aliliangalia lile boga, kisha akaniangalia mimi.

"Moka Ombati," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, mke wa Ombati. Jina langu, Kwamboka, hakulitumia. "Wewe hupita hapa hata ukiwa katika siku zako?"

Masikio yaliniwaka moto. Kwetu husemwa kwamba mwanamke akiruka mashina ya maboga siku hizo, maboga huoza. Njia ya kwenda kijitoni ilipita katikati ya shamba lile, na maji yalichotwa kila siku. Nilinyamaza, naye akauchukua ukimya wangu kuwa jibu.

"Basi usikanyage tena hapa. Iwe siku zako, isiwe siku zako."

Huo ulikuwa mwaka wa 1972. Nilikuwa nimeolewa karibu na Keumbu, mwaka mmoja ulikuwa umepita, na sikuwa na mtoto. Mume wangu Ombati alifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akalala, akarudi.

Jumamosi moja, siku yetu ya Sabato, tulipotoka kanisani, Bathsheba alisema neno lililonifunga. Alilisema mbele ya Kemuma, mke wa shemeji yangu mkubwa, ili liwe na shahidi.

"Msimu ujao tutapanda tena. Yakizaa, tutajua shida ilikuwa miguu yako. Yakioza na wewe uko mbali, basi shida ni wewe mzima. Nitamwambia Ombati akurudishe kwenu Magwagwa, na baba yako aturudishie ng'ombe wetu."

Ng'ombe hao hawakuwepo tena. Kaka yangu Mogire alikuwa amewatumia kumwoa Mong'ina, na Mong'ina alikuwa ana mtoto mgongoni. Ningerudishwa mimi, na yeye angerudishwa kwao, mtoto abaki. Nilifika kwa mume wangu nikijua hilo. Kila msichana mwenye kaka alilijua.

Tangu siku ile nilizunguka. Nilikwenda kijitoni kwa njia ya chini, kando ya mteremko wa jirani ambaye hakuwa amefyeka mpaka wake. Sisi tulikuwa tumefyeka. Bwana shamba alipita mwaka ule nilipoolewa, akasema vichaka ni uvivu, shamba la kisasa ni shamba safi. Wakang'oa kila kilichoota chenyewe, wakapanda safu ya mikaratusi. Bathsheba alipenda sana. Chini ya mikaratusi palifagiwa kama sakafu ya kanisa. Kazi yangu mimi ilikuwa kupita na jembe kila wiki na kung'oa machipukizi ya vile vichaka vya zamani, kwa sababu visiki vilikataa kufa.

Kule chini kwa jirani nilisikia kabla sijaona. Nilitua debe nikasikiliza. Omosabakwa ilikuwa imechanua, ile miti midogo yenye majani makubwa na maua ya zambarau, na ndani ya maua mlikuwa na nyuki. Wengine wadogo, wengine weusi wakubwa wanaotoboa mbao kavu. Boga moja la jirani lilikuwa limetambaa hadi pale. Nyuki mweusi aliingia katika ua lake, akahangaika humo ndani, akatoka na mgongo uliojaa unga wa manjano, akaingia ua la pili. Nyuma ya ua hilo palikuwa na boga. Pembeni palikuwa na jingine, kubwa kama sufuria.

Nilisimama pale mpaka nikaitwa kwa sauti ya hasira.

Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye ukingo wa shamba letu bila kukanyaga. Maua yalifunguka jua lilipochomoza. Hakuna aliyekuja. Kabla ya saa nne yalikuwa yamejifunga tena, yakiwa na unga wao wote.

Ningesema nini? Kwamba mama mkwe amekosea, na bwana shamba amekosea, na mimi niliyeacha shule darasa la tano nimeona? Hata kumsalimu Bathsheba asubuhi kulinitaka nijiandae.

Kwa hiyo niliacha kuchimba. Nyuma ya jiko langu, mahali mpaka unapopinda, pale tunapomwaga majivu na maganda ya ndizi, niliviacha visiki vikachipua. Machipukizi ya omosabakwa yalinifika kiunoni kabla ya Krismasi. Nilitoa mche huu na ule kwa jirani, nikaubeba ndani ya debe chini ya majani. Nilipanda chinsaga, mboga yetu ya majani, na nikaiacha ichanue badala ya kuichuma. Kulikuwa na mmea mmoja mrefu ambao sikujua jina lake, maua yake ya rangi ya machungwa hukaa kwenye bua kama pete, moja juu ya nyingine. Huo chozi waliupenda, wale ndege wadogo wanaong'aa. Gogo kavu nililoambiwa nipasue kuni nililisukuma humo kichakani, kwa ajili ya nyuki weusi. Mvua iliponyesha, maji yaliyozoea kushuka mekundu kutoka juu yalisimama pale, yakatulia, yakaacha udongo.

Nilikaa pale jioni nikimenya ndizi. Kwingine kote katika boma lile kulikuwa na jicho juu yangu.

Kisha Bathsheba alikuja na panga.

"Hii ni nini? Unafuga nyoka?"

Niliinama nikaokota ganda la ndizi.

"Nakuuliza! Mpaka umeota manyoya, watu wanapita barabarani wanasema nyumba ya Bathsheba imekufa." Akainua panga.

Kemuma alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aliniangalia mara moja tu. "Mama, usikate! Hiyo ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya tumbo lisiloshika. Nyanya yangu kule Nyakoe aliichemsha omosabakwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikunywa."

"Wewe una watoto saba."

"Si ndiyo, mama! Nilizidisha kipimo."

Bathsheba hakutaka kucheka, lakini mabega yalimtikisika. Alishusha panga. "Majani ni ya Mungu," alisema. "Sipingi. Lakini atakunywa mbele yangu. Nimwone akimeza."

Alipoondoka nilimshika Kemuma mkono. "Mbona umesema hivyo?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba unapenda maua?" Alijitwika mzigo wake vizuri. "Kichaka nimekuokolea, mwenzangu. Ulimi wako siwezi."

Kila asubuhi nilisimama mlangoni kwa Bathsheba na kikombe cha bati. Uchungu ule ulikaa kooni mpaka mchana. Alinitazama tumbo, kisha akaniambia nikaoshe kikombe.

Maboga yalipochanua tena nilikuwa sina ruhusa hata ya kuchungulia. Niliwaona nyuki tu. Waliruka kutoka kichakani, wakapita juu ya paa la jiko langu, wakashuka upande wa pili nisikoweza kwenda. Wakarudi. Kemuma ndiye aliyeniletea habari, bila mimi kumwuliza. "Liko kama ngumi." Baadaye, "Liko kama kichwa cha mtoto." Halafu siku moja, "Yako mengi, yanalaliana."

Nilimwomba Mungu yakomae. Nilimwomba kwa jina la Mong'ina na mtoto wake. Hilo nililisema kwa sauti, kichakani, nikiwa peke yangu.

Siku ya kuvuna Bathsheba alikuja mbele ya nyumba yangu akibeba boga kwa mikono miwili, uso umechangamka.

"Unaona, moka Ombati? Miguu! Ilikuwa miguu yako tu. Sasa tumejua. Hutakanyaga shamba lile mpaka nife, na hakuna wa kukurudisha popote. Tumbo ndilo limebaki. Dawa uendelee nayo."

"Ndiyo, mama," nilisema.

Alinipa boga kubwa kuliko yote niwapelekee wazazi wangu, akaniambia nirudi Jumatatu. Nililibeba kichwani hadi Magwagwa. Mama alilipiga kwa vidole akasikiliza mlio wake, akasema ni zito. Mong'ina alilikata, akalipika, akampondea mtoto wake, na mtoto akala mpaka akalala na kijiko mkononi. Baba alisema watu wa Keumbu ni watu wa heshima. Kisha mama aliniuliza, wengine wakiwa wametoka, kama wananitunza.

"Wananitunza," nilimjibu.

Jumatatu nilirudi.

Sasa namwambia mama nilichokifunika kwa jibu lile. Siku ile Bathsheba aliposimama mbele ya nyumba yangu na boga mikononi, moyo wangu haukufurahi. Ulianguka. Kichaka nilikilea kwa mikono yangu, kikafanya kila nilichokiomba kifanye, na mimi chini ya dua ile nilikuwa na dua nyingine. Nilitaka yaoze. Nilimjua Mong'ina, nilimjua mtoto, na bado, mama, nilitaka wanirudishe nyumbani.