Doa Lililohamia Koti la Mwalimu Mkuu

Jumamosi asubuhi Mama Pasi alipasua komamanga ndani ya beseni la maji, kama afanyavyo kila msimu, ili maji yake mekundu yasirukie nguo za watu. Punje zilizama, vigozi vyeupe vikaelea. Alizichota punje, akampa wifi yake fungu lililo sawa na lake, kasoro kidogo. Ukutani palikuwa na tangazo la herufi kubwa: NI MARUFUKU KULA NDANI YA DUKA LA DOBI. Aliliandika mwenyewe, na huliheshimu miezi yote isiyo ya makomamanga.

"Wifi, mbona langu limepungua?"

"Limepungua, au mdomo wako umepanuka?"

"Masikini kaka yangu. Alitafuta mke, akaoa mkono wa birika."

Walicheka, wakala. Punje zilikuwa tamu za kufumbisha macho. Binti wa Mama Pasi naye alikula, ila hakucheka. Alikuwa nyumbani tangu Jumanne, amefukuzwa kwenye shule ya bweni iliyo ng'ambo ya barabara kwa kosa la kuiba makomamanga ya shule. Ushahidi ulikuwa shati lake: doa jekundu chini ya mfuko, ukubwa wa kifungo. Yeye alisema alitumwa kufuta meza ya barazani kwa mwalimu mkuu, maganda yaliyoachwa pale yakamchafua. Mwalimu mkuu alisema mti umepungukiwa matunda kumi na tisa, na mti hausemi uongo. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatatu, na asiye na ruhusa yake haingii.

"Nipe hilo shati," alisema Mama Pasi.

Alilipaka limau na chumvi. Akalianika juani, akalisuuza, akarudia. Doa la komamanga si doa la chai. Ukilibembeleza linazidi kununa. Aliposuuza mara ya tatu, doa lilibanduka zima zima, likakaa mezani kupumua. Kisha likaanza safari. Lilipita suruali ya muuza dawa, likapita mapazia ya kinyozi, likapanda kiango lilipotundikwa koti jeupe la mwalimu mkuu, lililoletwa kupigwa pasi kwa ajili ya Jumatatu. Likatulia kifuani. Kutoka kikapu cha nguo za shule yakatoka mengine, kwenye vitambaa vya meza na leso, yakafuatana kwa adabu kama watoto waendao kula.

Wifi aliyahesabu, akitafuna. "Kumi na tisa. Haya, kila mtu amefika kwake."

"Usiyaguse," alisema Mama Pasi. "Yasije yakapotea njia."

Dobi mwenye akili huandika hali ya nguo kabla mwenyewe hajaanza kelele. Kwa hiyo alichukua kikaratasi, akaandika: *Koti moja, jeupe. Madoa kumi na tisa, ya mwenyewe.* Akakibana kolani.

Jumapili jioni mwalimu mkuu alikuja kuchukua koti. Alisoma kikaratasi mara mbili.

"Mama, haya hayatoki?"

"Yametoka yalikokuwa, mwalimu. Sasa hayana pa kwenda."

Alisugua doa moja kwa kidole, akakiramba. "La tawi la kusini," alisema polepole, kama mtu aliyemkumbuka rafiki.

"Basi mwanangu arudi shule."

"Arudi, kwa nini asirudi? Ila kosa lake limeshaingia kwenye faili, na faili haifuliwi. Aandike barua ya kuomba radhi, nami nitamsamehe."

Wifi alishika pasi ya moto, na hakukuwa na nguo mbele yake. Mama Pasi alimtazama, akatazama kalenda. Mwishowe binti mwenyewe ndiye aliyesema, "Shangazi, weka pasi. Mama, naomba kalamu. Mtihani ni kesho saa nne."

Aliandika ukurasa mzima. Mwalimu mkuu aliisoma pale pale, akasahihisha koma moja.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya shule nzima, koti lake limepigwa pasi likanyooka, madoa yote kifuani kama medali. Akaisoma barua kwa sauti. Wanafunzi waliliangalia koti. Walimu pia waliliangalia, kisha wakapiga makofi, na wanafunzi wakapiga kwa sababu walimu wamepiga. Akazungumzia uaminifu kwa dakika ishirini. Binti alishukuru kwa kusamehewa, akaingia chumba cha mtihani na shati jeupe pe.

Maswali yalikuwa mepesi. Alimaliza mapema, akainua kichwa dirishani. Barazani kwake mwalimu mkuu alikuwa amekaa na koti lake, anapasua komamanga kwa vidole, uso umemchangamka. Tone moja liliruka kuelekea ukutani, likasita hewani, likarudi kotini.