Makaburi Nje ya Sanduku

Hildegarda ndiye aliyemfundisha Casmir kukata ramani kwenye kompyuta. Programu aliiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta ya Python: ardhi hutokea kwenye skrini kama wavu wa pembetatu, sanduku jeupe likiizunguka. Unavuta upande wa sanduku kwa kipanya, na kila kinachobaki nje kinatoweka machoni.

"Kata kingo zenye makosa tu," alimwambia.

"Sawa, mwalimu," Casmir akacheka.

Kwa wiki tatu walikuwa wamepima pamoja shamba la zamani la mkonge, pale Kilosa. Serikali ilishaliuza, na mwekezaji aliyewaajiri kupima alitaka kupitisha barabara ya malori ya miwa. Kwenye kona ya mashariki walizikwa manamba, vibarua wa zamani wa shamba hilo, babu yake Hildegarda akiwamo. Misalaba haikuwapo, kila kaburi lilipandwa mche wa mkonge kichwani, na moto wa nyasi ukaja kuiteketeza miche yote. Yalibaki matuta ya kimo cha kiganja. Waliyapima moja moja, Casmir akishika fimbo, akivua kofia kila walipohamia jingine.

Siku ya kikao cha mwekezaji na wanakijiji, Casmir aliionyesha kazi ukutani kwa projekta. Hildegarda alitazama mara moja tu akajua. Kona ya mashariki haikuwapo. Ukingo ulikuwa umenyooka kama mkate uliokatwa.

"Mnaona wenyewe," alisema Cornel, meneja wa mwekezaji. "Makaburi hakuna."

Mzee Bonifas, ambaye mama yake alizikwa pale, alimgeukia Hildegarda. "Mjukuu wangu, si mlipima?"

Hildegarda akamsogelea Casmir. "Umekata wewe?"

"Cornel amenipa ajira Mikumi, Hilda," alinong'ona. "Nina watoto wawili. Tulia basi."

"Ulivua kofia, Casmir."

Akamnyang'anya kipanya. Jambo moja hakuwahi kumfundisha: sanduku lile huficha tu, halifuti. Akauvuta upande wa mashariki, taratibu, na matuta yakaibuka ukutani, safu baada ya safu, arobaini na moja. Mzee Bonifas aliinuka, akaenda kuweka kiganja kwenye safu ya tatu.

"Binti, umenivunjia heshima mbele ya wageni," alifoka Cornel. "Omba radhi sasa hivi, au kazi yako imeishia hapa."

"Sema samahani tu, Hilda, yaishe," Casmir alisihi, macho chini.

Hildegarda alimtazama Casmir, si meneja.

"Siombi radhi. Si kwake, na kwako ndiyo kabisa siombi."