Utitiri Siku ya Posa

Waridi alimsubiri Ismail hadi majirani wakachoka kumuulizia. Leo posa inaletwa, na mtoto wa watu kaamka kusafisha banda la kuku! Wenzake wanapaka hina, yeye kajipaka majivu. Lakini utamlaumu vipi? Utitiri ulikuwa umewavamia kuku wake mpaka tetea aliyeatamia akayakimbia mayai, na sumu ya dukani Waridi haitaki hata kuisikia. Basi akabeba majivu kutoka kwa wakaanga samaki wa soko la Feri, akawasugua kuku mpaka kwenye mizizi ya manyoya, kisha akachemsha mwarobaini na kumwagia kila ufa wa banda. Kazi safi kabisa.

Balaa lilikuwa mkeka. Mama yake, bila kujua, aliuanika mkeka wa wageni juu ya banda hilohilo upigwe jua. Na utitiri ukifukuzwa kwake, si lazima upate pa kuhamia?

Alasiri wageni wakafika nyumbani pale Msimbazi, kanzu zimenyooka, mabaibui yananukia udi. Wakakalishwa uani, mkekani. Waridi kafichwa chumbani, mila ni mila, akawa anachungulia dirishani. Mshenga, Mzee Adamu, akakohoa.

"Tumeona ua zuri katika bustani yenu..."

Akasita, akajisugua mgongo ukutani taratibu, kama mtu anayejiweka sawa. Kila mgeni alikuwa anawashwa, na hakuna aliyethubutu kujikuna, maana kujikuna ugenini ni kumuumbua mwenyeji. Bi Nasma, shangazi yake Ismail, mama asiyecheka ovyo, alijikaza mpaka macho yakamtoka. Mwishowe akakusanya buibui lake.

"Adamu, tuondoke."

Waridi akaliacha dirisha. Ismail ndiyo anampotea hivyo! Akatoka mbio na kanga zake za kushindia, ndoo mkononi.

"Shikamooni. Ni utitiri wa kuku wangu, umehamia mkekani. Haukai mwilini mwa mtu. Nawieni maji haya ya mwarobaini, yamepoa."

Mama yake akajifunika uso. Bi Nasma akatazama banda. Tetea alikuwa amerudi kwenye mayai, anasinzia.

"Kuku wako hawajikuni."

"Hawajikuni, shangazi. Nimewatia majivu."

"Wangu kule Magomeni nimewapulizia sumu, nusu wamekufa, na utitiri upo palepale." Akakunja mikono ya buibui. "Nimwagie. Na wewe Adamu, acha kusugua ukuta wa watu, njoo."

Hapo adabu ikaisha. Wazee wazima wakajikuna hadharani, wakacheka mpaka kofia zikawadondoka. Waridi akawamwagia mmoja baada ya mwingine huku mbavu zikimuuma kwa kicheko.

Mzee Adamu, kanzu imelowa chapachapa, akaomba binti aulizwe kama ameridhia. Kwa kawaida mwali huulizwa ndani, kwa kunong'onezwa, naye akinyamaza ndiyo amekubali. Lakini Waridi alikuwa amesimama palepale mbele yao.

"Nimekubali," akasema, hata swali halijaisha.