Finjani Iliyobaki Zuliani

Haji Dhiyab alikuwa amekwisha kutoa hukumu: kilichomsonga kifuani si moyo, ni mansaf ya jana, ule wali wa nyama ya kondoo aliopika mkewe. Alikuwa ameketi kwenye godoro la sebuleni, kilemba chake cha mirabaraba myekundu kichwani, jasho likimtiririka hadi kwenye masharubu, akiwatazama wahudumu wa dharura kama wageni waliokosea nyumba.

"Karibuni, karibuni. Mama Nayef, lete kahawa!"

"Haji, hatukuja kunywa kahawa," akasema Sanad, huku akifungua mkoba wake. "Mkeo katupigia simu. Kasema umeanguka jikoni."

"Sikuanguka. Nimeketi ghafla."

Rudayna, aliyekuwa amejibanza kando ya mlango, alibana kicheko. Alikuwa nesi wa chumba cha dharura, tena mzoefu, lakini siku hiyo hakuja kama nesi. Alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake juu ya swali moja lililomkosesha raha: kwa nini watu wa mji wa Salt, wakiumwa kifua, huita wenyewe gari la wagonjwa, halafu likifika wanakataa kulipanda? Wiki nzima alikuwa amefuatana na Sanad, wakipanda ngazi za mji ule wa milima ambako gari huishia chini na watu hukaa juu, na kila nyumba ilimpa jibu jipya. Mmoja alisema gari lile ni la kubebea maiti. Mwingine alikuwa na sufuria motoni. Bibi mmoja aliomba kwanza atie wanja, maana hospitali kuna watu.

Msimamizi wake chuoni, mama mwenye miwani na maneno machache, alikuwa amempa sharti. "Uwe picha ukutani. Utazame tu. Siku utakayofungua mdomo, mgonjwa huyo simhesabu." Rudayna alilitii, ingawa kwake kunyamaza kulikuwa kazi kuliko kubeba machela.

Sanad alimbandika mzee nyaya za mashine ya kupima moyo. Karatasi ikatoka taratibu. Sanad, ambaye hata kwenye ajali hakosi mzaha, aliisoma, mzaha ukamwisha, akamwonyesha Rudayna. Mistari ilikuwa imeinuka pasipostahili. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na nyama ya moyo ilikuwa ikifa pale pale godoroni huku mwenyewe akiulizia kahawa.

"Tafuna kidonge hiki, Haji."

Haji akatafuna. Kidonge si safari.

"Sasa tunakwenda hospitali. Ni lazima."

"Lazima?" Mzee aliinua nyusi. "Lazima ni ya askari na kondoo. Mimi nani kati ya hao?"

"Haji, ni moyo! Utakufa!"

"Kufa tutakufa sote. Mwanangu Nayef yuko Akaba, akifika jioni nitakwenda naye, kwa miguu yangu. Siteremshwi ngazi hizi kama kabati, watu wamejaa madirishani. Unamjua Baba Jiryis wa nyumba ya chini? Atanicheka mpaka siku ya kiyama."

Sanad akabembeleza, akatisha, akabembeleza tena. Mzee alijibu kila neno kwa neno, ila kila jibu lilitoka na pumzi fupi kuliko lililotangulia. Mama Nayef aliingia na dele la kahawa, finjani zikigongana mkononi. Akiwa bado mlangoni alimnong'oneza Rudayna:

"Mwanangu, mwambieni nyinyi. Mimi maneno yangu humu ndani ni upepo wa feni. Anausikia, lakini haumtoi kitini."

"Hakuna anayemweza, mama?" swali likamponyoka Rudayna.

"Amweze nani? Yeye ndiye anayewaweza watu. Posa zote za mtaa huu, magomvi yote, damu ikimwagika, Haji ndiye anayeongoza wazee kwenda kuomba. Huiweka finjani chini, hanywi, basi. Hajarudi na hapana hata siku moja."

Rudayna aligeuka kumtazama mzee. Hilo la finjani hakuhitaji kufundishwa; hakuna aliyekulia mji ule asiyelijua. Mgeni mwenye haja nzito hupokea kahawa, akaiweka mbele yake bila kuigusa. Mwenye nyumba akiiona, hana budi kuuliza haja. Na mpaka aseme "kunywa kahawa yako," hainyweki. Mgeni akiondoka kahawa yake haijanywewa, ameacha ndani ya nyumba ile aibu isiyotoka kwa sabuni.

Picha ukutani ikashuka.

Aliketi zuliani mbele ya Haji Dhiyab, akapokea finjani kwa mkono wa kulia kama alivyofunzwa na mama yake, akaiweka chini taratibu.

Sanad alibaki na mpira wa oksijeni mkononi. "Rudayna, unafanya nini?"

"Binti," akasema Haji, "kahawa inapoa."

"Iache ipoe, Haji. Nina haja."

Masharubu yalicheza. Mzee alikuwa na maumivu, lakini hakuwahi kuona kichekesho kama kile. "Mwanamke? Peke yako? Wazee wako wako wapi?"

"Mzee wangu huyu hapa," akamwonyesha Sanad. "Mdogo, lakini ana kipara."

"Nashukuru sana," akasema Sanad.

"Wewe binti wa nani?"

"Wa Mufleh, mwenye tanuri la mikate."

"Mufleh!" Haji alisahau kifua, akataka kuinuka, kifua kikamkumbusha. Aliketi tena, akihema. "Mufleh... mimi ndiye niliyekwenda kumposea mama yako. Babu yako alikuwa mgumu kama jiwe la kinu."

"Najua. Uliiweka finjani, hukunywa, babu akakubali. Bila finjani yako, Haji, mimi nisingezaliwa. Leo nimekuja na yangu."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Haji Dhiyab, aliyewatega wazee wa milima yote ile kwa kikombe kidogo cha kahawa, aliitazama ile iliyokuwa mbele yake kama mtu aliyenaswa na mtego aliousuka mwenyewe.

"Taja haja yako," akasema hatimaye. "Na uitaje yote. Haja nusu ni ya wajinga."

"Utoke nasi sasa hivi. Ukae kwenye kiti, ubebwe, usitie mguu kwenye ngazi hata moja. Na huko hospitali ukubali watakalosema madaktari."

"Hiyo si haja, hilo ni gunia!"

"Wewe umesema niitaje yote."

Mzee alimtazama mkewe, aliyekuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Akaitazama finjani. Jasho likamdondoka puani.

"Kunywa kahawa yako, binti wa Mufleh."

Na papo hapo akajikunja, mkono kifuani, uso ukawa rangi ya majivu. Sanad alikwisha fika na kiti. Wakamfunga mikanda, wakatoka naye mbio, na ngazi zilikuwa zile zile za kila siku isipokuwa leo zilionekana zimeongezeka. Madirishani watu walikuwa wamejaa kama alivyosema. Chini alitokea Baba Jiryis, na ndala zake za kuogea, akashika mguu mmoja wa kiti bila kuombwa.

"Dhiyab! Umekuwa bibi harusi, unabebwa?"

"Nikirudi... nitakufunga tena kwenye bao."

"Nakusubiri," akasema Baba Jiryis, na hakukiachia kiti mpaka garini.

Garini dawa zilianza kumtuliza mzee, na utulivu ukamrudishia ujanja. Walipofika hospitali, daktari alikuwa akiwasubiri mlangoni na karatasi mkononi. Alieleza upesi: mrija mwembamba utaingizwa kwenye mshipa wa mkono, utafika hadi moyoni, utafungua palipoziba. Ilihitajika saini tu.

Haji Dhiyab aliinua kidole.

"Ngoja. Binti wa Mufleh, ile kahawa uliinywa?"

Rudayna akaiona finjani akilini mwake, zuliani, imejaa kiasi kile kile alichomiminiwa.

"Haji, ulijikunja! Ningekunywa saa ngapi?"

"Basi haja haijafungwa. Nimekufurahisheni kwa safari, inatosha. Nirudisheni nyumbani."

Daktari, naye mwana wa mji huo huo, hakuuliza kahawa gani. Alishika kichwa. Sanad alianza kucheka, akaona machozi ya Rudayna, akaacha. Maana Rudayna alikuwa ameuona mkono wa mzee. Ulikuwa umeng'ang'ania chuma cha kitanda mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Siku zote hizo alikuwa ameandika *ukaidi*, *ukaidi*, na kumbe mtu huyu alikuwa anaogopa, anaogopa kama mtoto, na hakuwa na njia nyingine ya kusema hivyo ila kudai sheria.

"Haji," akasema polepole, "nitakwenda kuileta mwenyewe."

"Usiende popote!" ilisikika sauti kutoka mlangoni.

Mama Nayef aliingia na viatu vya ndani. Mkono mmoja ulishika finjani, wa pili umeifunika kwa kiganja, na mbele ya gauni lake palikuwa na doa moja la kahawa. Nyuma yake alikuja Baba Jiryis akimbebea mkoba wake wa kike kwapani, bila haya.

"Nilipoikuta zuliani nikasema, namjua mume wangu, huyu atatafuta tundu la kutorokea," akasema, akihema. "Baba Jiryis kaendesha kama amepakia mayai, na njia nzima nimemtukana."

"Kanitukana mpaka babu zangu," akathibitisha Baba Jiryis.

Rudayna aliipokea kwa mkono wa kulia. Ilikuwa baridi, chungu, na iliki yote imetua chini. Aliinywa kwa mkupuo mmoja, kisha akaitikisa finjani kidogo, kama wafanyavyo wageni walioridhika, akamrudishia mama.

Haji Dhiyab alifumba macho. "Mmenikamata," akasema, akaomba kalamu.

Mshipa ulifunguka. Rudayna alipompigia simu msimamizi wake, alianza na kosa lake kabla hajaulizwa.

"Huyo simhesabu," akasema yule mama.

"Najua, Profesa."

"Ila umeona nini?"

"Kwamba tunawaamuru. Tunaingia nyumbani kwa mtu mwenye hofu, tunamwambia lazima. Hakuna aliyewahi kuwaomba."

"Hilo liandike mwanzoni kabisa. Na ile kahawa uliinywa?"

"Niliinywa."

"Alhamdulillahi," akasema Profesa, akakata.

Jioni, Nayef akiwa bado njiani, Rudayna alipita wodini kumjulia mzee hali. Haji alikuwa amelala, kilemba kikiwa kwenye mto kando yake, uso umerudiwa na rangi. Baba Jiryis alikuwa amekuja na chupa ya kahawa kwa ajili ya wageni, maana mgonjwa bila kahawa ya wageni ni nani? Alimmiminia Rudayna, akamimina ya Mama Nayef, mgonjwa akapewa kuinusa tu.

Mama Nayef aliipokea finjani yake, akaiweka juu ya kabati dogo la kitanda. Hakuigusa.

"Kunywa, Mama Nayef," akasema Haji. "Inapoa."

Mama Nayef alikunja mikono mapajani. Baba Jiryis akaacha kufunga chupa. Mwanamke huyu alikuwa amewamiminia kahawa wenye haja wote waliowahi kukanyaga zulia lake, posa kwa posa na ugomvi kwa ugomvi, na hakuna aliyewahi kumwona akiiweka ya kwake chini.

"Nina haja," akasema.

Haji Dhiyab alijisogeza juu ya mto. "Itaje."

"Umeisingizia mansaf yangu mbele ya watu."

"Nimekosa."

"Hiyo si haja, huo ni utangulizi." Akamkazia macho. "Kifua kikikuuma tena, uniambie mimi kwanza. Ukiogopa, uniambie mimi kwanza. Usiniache jikoni nimekusimamia nikidhani umekufa, halafu unaniambia umeketi ghafla."

Mzee alitazama dari. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Aliunyoosha mkono wenye bendeji, polepole, mpaka ukafika kwenye ukingo wa kabati, karibu na finjani.

"Kunywa, Mama Nayef."

"Sijamaliza."

"Umemaliza. Nimekubali yote. Kunywa."

Mama Nayef aliinyanyua, akainywa pale pale hadi tone la mwisho, mbele ya mashahidi wawili, asije akamwachia tundu.