Beseni Mezani kwa Mama Aurelia

Mimi ni mpima korosho katika ghala la chama chetu, Ruponda, na kazi hiyo haimfundishi mtu kuamini watu. Nimeshakuta mawe katikati ya gunia la mtu aliyehiji. Kwa hiyo kila gunia likija nachota konzi moja, natia mfuko wa kulia wa koti langu la kaki, baadaye nazitumbukiza majini. Nzima zinazama, za zamani zinaelea. Zile nzima hurudi mfukoni, na huwa za binti yangu Tunu. Akisikia nimefika mlangoni huja kutia mkono mfukoni, akazichoma kabla hata hajanisalimia vizuri.

Mwaka 2003 Tunu alikuwa kidato cha pili, na shule ilikuwa kilomita tisa kutoka kwetu. Alikuwa anasinzia darasani, na mwalimu wake aliniambia wazi kwamba kwa mwendo ule mtihani wa mwisho wa mwaka ungemshinda. Ndiyo maana niliposikia Mama Aurelia ameweka baiskeli mpya kwa mshindi wa poka, niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Mama Aurelia ana mgahawa Nachingwea mjini. Poka aliijulia Dar es Salaam alipokuwa akihudumu hotelini, akatufundisha: karata tano kila mtu, unabadilisha usizozitaka, halafu mnapandisha dau mpaka mmoja akimbie au mfunue. Hela haikuwekwa, tuliwekeana korosho, na baiskeli ilikuwa ya kuvutia wateja. Nikajiambia basi si kamari. Mke wangu Swaumu alisema ni kamari, akanikalia kimya siku mbili.

Raundi ya kwanza ilichezwa Ruangwa. Huko ndiko nilikomwona Brighton, mwalimu kijana wa hesabu aliyehamishiwa kutoka Mbeya. Kila karata zikigawiwa yeye anapandisha. Wengine tunafikiri, yeye keshasukuma korosho kumi, ishirini, huku anakutazama usoni. Watu walikimbia na karata nzuri mikononi. Wenzangu walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi sikukubali. Hakuna debe tupu linaloshinda watu tisa siku moja.

Fainali ilikuwa Jumamosi, Nachingwea. Asubuhi nilipima magunia kama kawaida, nikatoka ghalani moja kwa moja kwenda kupanda gari. Mama Aurelia alitugawia korosho sitini kila mtu, kutoka kwenye debe la msimu wa juzi. Nilizifahamu. Mimi mwenyewe ndiye niliyezikataa ghalani.

"Korosho isiyo ya debe langu ikionekana mezani, mwenyewe anatoka," alisema. "Simwonei mtu haya."

Brighton aliniamkia vizuri, "Shikamoo, mzee," kisha akaanza kazi yake. Panda, panda, panda. Nilimchunguza. Kila akisukuma dau kubwa, mkono wake wa kushoto ulikwenda mfukoni, ukatoka na leso, akajifuta, ukarudi mfukoni. Leso gani hiyo isiyotulia? Lundo lake halikupungua hata aliposhindwa, au hivyo ndivyo nilivyoona. Ilipofika alasiri tulikuwa tumebaki wawili.

Niliomba ruhusa nikaswali. Mama Aurelia alisema niache korosho zangu mezani, atazilinda. Nikatazama ule mkono wa kushoto. Nikazikumba zote, nikazitia mfuko wa kulia wa koti, nikaenda nazo msikitini. Niliporudi nilizimwaga mezani kwangu, moyo umetulia.

Karata zikagawiwa. Nikapata bibi watatu: wa kopa, wa uru na wa shupaza. Katika poka, tatu za aina moja ni karata za kushinda. Brighton akabadilisha karata tatu, akazitazama, akasukuma lundo lote katikati.

"Naweka zote, mzee."

Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni. Kumfuata kulitaka nitoe kila nilichokuwa nacho. Niliwatazama bibi zangu, nikautazama ule mfuko, na mfuko ukanishinda.

"Mama Aurelia," nikasema, "kabla sijajibu, lete beseni la maji. Korosho zako ni za zamani, zote zitaelea. Ikizama hata moja, huyu bwana kaja na zake."

Brighton aliinuka kitini. "Mzee unaniita mwizi?"

"Nakuita mbele ya beseni."

Mama Aurelia akaleta beseni. "Tukipima, tunapima wote wawili," alisema. Nilikubali kwa sauti, ili kila mtu asikie.

Zikaingia za Brighton. Zilielea zote, zikagongana kwa juu. Akageuza mifuko yake nje, na ndani mlikuwa na leso tu, imelowa jasho. Zikaingia za kwangu. Zikaelea, zikaelea, kisha tano zikashuka polepole mpaka chini ya beseni, nono, za msimu huu.

Nilizijua papo hapo. Zilikuwa za ghalani, za asubuhi ile, za mfuko wa kulia. Nilieleza. Nilieleza mara mbili, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na wale ninaowakuta na mawe katika magunia. Mmoja akanong'ona kwamba nyani haoni kundule, nami nilisikia.

"Nakuamini, Mzee Amri," alisema Mama Aurelia. "Lakini nilisema simwonei mtu haya."

Brighton akafunua karata zake. Nne, saba, tisa, kumi, ghulamu, hakuna mbili zilizofanana. Hakuwa na kitu. Akafunua na zangu, akawaona wale bibi watatu.

"Ningekuwa nimekwisha," alisema taratibu. "Nilikuwa natetemeka, mzee. Ungenifuata tu."

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Sikuwa na hasira na Brighton. Nilijichukia mimi. Tunu alikuja mlangoni, viatu vyake vya shule vikiwa mkononi, anavishona soli. Akatia mkono mfuko wa kulia, akaupekua mpaka kwenye mshono.

"Leo hujaniletea, baba?"

"Nilikuwa nazo," nikamwambia. "Tano."

Akasubiri niseme zimekwenda wapi. Kisha akarudi kushona viatu.