Siku Mwalimu Alipougua

"Leo wamemkamata nani?" mama aliniuliza akiwa amenipa mgongo, pasi ikienda na kurudi juu ya shati la mteja.

Ndivyo alivyonipokea kila nilipotoka chuoni. Nilikuwa nasomea nadharia za uhalifu, yaani kwa nini mtu avunje sheria na mwenzake wa pembeni asivunje. Wenzangu walitafuta shahada. Mimi nilitumwa na mama, ingawa hakuwahi kutamka hivyo. Kaka yangu alikuwa jela. Yeye na marafiki zake walivunja duka, mlinzi akapigwa, akafa. Mama alitaka kujua kosa lilianzia wapi, na aliogopa kwamba lilianzia kwake.

Mwanzoni tulicheka. Nilimsimulia wataalamu wa zamani waliopima mafuvu ya wafungwa wakidhani uhalifu umo kichwani. "Kichwa cha kaka yako ni cha baba yenu," akasema, "na marehemu hakuiba kitu maishani ila usingizi." Tulipofika kwenye nadharia inayoulaumu mtaa, akadai alishamwambia marehemu wahame, akawa hasikii. Ile inayosema uhalifu hufunzwa na marafiki, kama fundi anavyomfunza mwanagenzi, ilimkosha kabisa. Alipiga pasi akiimba, na wale vijana waliokuwa wakija kumpigia kaka miluzi dirishani akawalaani mmoja mmoja.

Kisha ikaja ile ya kamba. Mwalimu alichora mtoto na nyumba ubaoni, akaviunganisha kwa kamba. Kamba ikiwa imara, alisema, mtoto hapotei, ikilegea, anaponyoka. Akauliza ni nani wa kwanza kuishika. Darasa zima likajibu: mzazi. Mimi nikamwona kaka akiwa mdogo, ufunguo wa nyumba ukining'inia shingoni, kwa sababu mama aliondoka alfajiri kukusanya nguo za watu na kurudi tumeshalala. Nilitoka darasani machozi yakinilengalenga.

"Leo wamemkamata nani?"

"Hatukusoma, mama. Mwalimu anaumwa."

Pasi ikasimama. Nilisikia harufu ya kitambaa kikianza kuungua kabla hajainyanyua. Akasema Mungu amponye, na tangu siku ile hakuniuliza tena. Kuimba nako akaacha.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu wa somo lilelile, kaka akiwa bado ndani, na mama akalala kitandani asiinuke tena. Mchana mmoja nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko, akausukuma mkono wangu taratibu.

"Yule mwalimu wenu aliyeumwa," akasema, "siku ile alisema ni mimi, sivyo?"

Nilimjibu kwamba wasomi wenyewe wanapingana, kwamba hakuna nadharia inayommaliza mtu, maneno ninayowaambia wanafunzi wangu kila mwaka. Yote ni kweli. Alinisikiliza kwa subira, kama alivyozoea kuwasikiliza wateja wenye visingizio.

"Na wewe je?" akauliza. "Tumbo lilelile, nyumba ileile, na kaka yako alipokua ule ufunguo ukahamia shingoni kwako. Wewe hukuharibika. Hapo wanasema ni nani?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na nilikuwa nimetamani kumwambia maisha yangu yote: ni wewe, mama. Lakini kama mimi ni kazi ya mikono yake, basi na kaka ni kazi ya mikono yake. Nisingeweza kumpa sifa ya mmoja bila kumbebesha lawama ya mwingine. Nikakiweka kijiko chini, na moyo uliniuma kuliko siku waliyomchukua kaka.

Mama akanitazama nikinyamaza. Akanipigapiga kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeanguka.

"Basi usijisumbue," akasema, akafumba macho.

Nilishika ukingo wa shuka lake nikaanza kulinyoosha kwa mkono, ingawa halikuwa na mkunjo hata mmoja.