Wanaoulizia Juu ya Ukungu

Leota Stroud hakuwa mtu wa kuamini watu, na wala hakuona sababu ya kuomba radhi kwa hilo. Baba yake alilima bangi kwenye vilima vya Humboldt miaka ile ambayo helikopta za serikali zilipita juu ya miti zikitafuta shamba la kung'oa, na mtoto aliyekulia huko alifundishwa kunyamaza kabla hajafundishwa kusoma. Ukiulizwa jina la baba, hujui. Ukiulizwa njia, unaelekeza kwingine. Siku hizi bangi ni halali, ina kibali, ina kodi, ina mkaguzi anayekuja na viatu visafi, lakini Leota bado alimtazama hata mleta barua kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo alipokuta mifuko kwenye pikapu ya mdogo wake Merle, aliwaza mabaya papo hapo.

Ilikuwa mifuko midogo ya karatasi, ile wanayofungia wateja kwenye maduka ya bangi ya mjini, imesukumwa chini ya kiti. Kila mmoja ulikuwa na msokoto mmoja, wa shamba la mtu mwingine, haujaguswa. Mkulima wa bangi ananunua bangi dukani! Mwenye ng'ombe na maziwa ya paketi! Leota aliirudisha mifuko pale pale ilipokuwa, akaingia ndani, akajimiminia kahawa na kukaa kuwaza.

Kahawa yenyewe haikuwa na ladha. Alikwisha kubadilisha aina kadhaa tangu ile homa iliyomlaza wakati wa baridi, na zote zilikuwa maji matupu. Wamechakachua, alisema peke yake. Kila kitu siku hizi kinachakachuliwa.

Merle alikuwa akiondoka kila Alhamisi, anasema anakwenda kutafuta vifaa vya mabomba. Mabomba gani hayo yanayokula vifaa kila wiki? Na Leota alijua nani angependa kuwa na rafiki ndani ya nyumba ile. Kampuni kubwa yenye mabanda ya plastiki kule bondeni ilikuwa imekwisha nunua nusu ya mashamba ya kilimani, na imebaki inalimezea mate la Stroud. Leota na Merle walikuwa na mavuno kidogo tu kila mwaka, vichupa vya kioo vyenye jina Juu ya Ukungu na mchoro wa kilima ambao Leota aliuchora kwa mkono wake. Sheria haimruhusu mkulima kumuuzia mvutaji. Lazima apitie kwa msambazaji, na msambazaji wao, jamaa anayeitwa Kip, alisema tangu Januari kwamba maduka hayaitaki. Hakuna anayeiulizia, alisema. Kama vichupa vingefika msimu wa kupanda bado vimelala kwa Kip, ingebidi waachie kibali kwa kukosa ada yake, na shamba la baba liende kwa watu wa bondeni. Leota alikuwa halali vizuri kwa sababu hiyo.

Jumatano, Merle akiwa kwenye miche, alichukua funguo za pikapu bila kuaga. Jina la duka lilikuwa kwenye mifuko. Duka lenyewe lilikuwa mjini Santa Rosa, mwendo wa asubuhi nzima.

Mlangoni walimtaka kitambulisho, na hilo tu lilitosha kumchemsha. Ndani palikuwa na mwanga mweupe, na nyuma ya kaunta msichana mwenye kibandiko cha jina, Yesenia, alikuwa akipanga vichupa.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

"Natafuta Juu ya Ukungu," Leota alisema, akijifanya jina limemjia hivi hivi tu. "Kama mnayo."

Yesenia aliacha kupanga. "Nani kakutuma?"

"Mimi na mvi zangu hizi nitumwe na nani?"

"Usinikasirikie, mama. Ni hivi, kuna mzee anakuja kila Alhamisi kuulizia hiyo hiyo. Nikimwambia hatuna, anasikitika utadhani kafiwa, ananunua msokoto mmoja, anaondoka. Halafu wakaanza wengine. Bosi anasema hao wametumwa."

"Huyo mzee anavaa kofia ya sufu ya kijani?"

"Huyo huyo. Unamjua?"

"Simjui," Leota alisema. Ulimi wake ulikuwa na mazoea ya miaka mingi.

"Basi una bahati. Imeingia Jumatatu. Bosi alichoka kuulizwa." Akashusha kichupa kutoka rafu ya juu, na kingine kidogo, cha wateja kunusia, akakiweka kando yake.

Mtu mwingine angefurahi. Leota alitazama mchoro wake mwenyewe, kilima chake mwenyewe, akajiuliza kwa nini hakuambiwa. Mali yake imeingia dukani na yeye hana habari. Alifungua kile cha kunusia, akainamisha pua kama alivyofanya maisha yake yote, pua ambayo baba yake aliiamini kuliko mizani.

Hakuna kitu. Alivuta tena. Ilikuwa kama kunusa boksi tupu.

Hapo ndipo yote yalipojipanga kichwani mwake, na yalijipanga vizuri mno. Kip na Merle wameyauza maua yake kwingine, labda kwa kampuni ile. Wamejaza takataka kwenye vichupa vyake. Na Merle anazunguka madukani kuitafutia takataka hiyo wateja kwa jina la baba yao.

"Hii si yenyewe," alisema.

Yesenia akanusa. "Mbona inanukia vizuri sana, mama?"

"Wewe unalipwa uone inanukia. Ni feki. Mwambie bosi wako aitoe rafuni kabla hamjapata kesi."

Msichana alijaribu kukisia kama anaongea na mkaguzi, mshindani au kichaa. Mwishowe akavishusha vyote, akaviweka chini ya kaunta. "Nitamsubiri bosi aamue," alisema. "Lakini nipe namba ya simu."

Leota alimpa, akanunua kichupa kimoja kama ushahidi, na njia nzima ya kurudi aliongea peke yake.

Merle hakuwa ndani alipofika. Leota alibandika maharagwe ya jana yapate moto, akaweka kichupa katikati ya meza, akakaa ameligeuzia jiko mgongo. Mdogo wake aliingia akipangusa matope, akaona kichupa, akaganda.

"Umekipata wapi?"

"Mimi ndiye nauliza. Vifaa vya mabomba vinauzwa siku hizi kwenye maduka ya bangi?"

Merle alivuta kiti lakini hakukaa. "Nilikuwa naulizia tu. Kip alisema hakuna anayeiulizia, nikasema basi nitaiulizia mimi. Huwezi kuingia mikono mitupu kila mara, wanakuchoka, ndiyo maana nanunua msokoto. Nikawaomba na wale jamaa wa zamani wa kukata magogo. Wamezunguka mpaka Sacramento."

"Na ilipoingia? Ukasahau kuniambia?"

"Kip alinipigia juzi. Nilitaka..."

"Sema."

"Leota, maharagwe."

"Usinihamishie maneno. Nimenusa hicho kichupa, Merle. Nimekinusa! Ni majani makavu. Wewe na Kip mmenifanya mimi mtoto. Mmemuuza baba kwa watu wa bondeni, na mimi nimekaa hapa nakupikia."

"Dada," Merle alisema polepole, macho yake yakiwa juu ya bega lake. "Geuka."

Aligeuka. Moshi ulikuwa umekwisha jaa nusu ya jikoni, mzito, wa kijivu, na sufuria ilikuwa ikilia. Merle alimpita, akazima moto, akaibeba sufuria mpaka uani na kufungua madirisha. Yaliyobaki ndani yake yalikuwa meusi, yameshikana na chuma.

Leota hakusogea. Kwenye vilima vile kila kiangazi watu hulala na pua wazi. Mbwa hajabweka, mtu amekwisha amka kwa harufu ya msitu unaoungua milima miwili mbele. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza. Sasa moto ulikuwa mgongoni mwake, macho yanamwasha, na hakusikia harufu yoyote. Kahawa. Mikate. Yule muuza vitunguu wa sokoni ambaye Leota alimtukana, akidai vitunguu vyake havinuki. Aliogopa kiasi cha kushika ukingo wa meza.

"Tangu lini umejua?" aliuliza.

"Tangu ile homa. Ulikunywa maziwa yaliyochacha, ukamaliza glasi." Merle alikaa. "Nilitaka kukuletea kichupa siku kilipoingia dukani, ukione. Halafu nikakumbuka jambo la kwanza utataka kukinusa. Nikashindwa."

"Ungesema."

"Wewe unaambiwa?"

Leota alikisukuma kichupa upande wa pili wa meza. "Kinuse."

Merle alifungua, akanusa. "Ni yetu."

"Yetu vipi? Mtu yeyote atasema ni yetu."

Merle hakuwa mtu wa maneno, na ilionekana kazi ile inamtesa. Alifumba macho. "Ganda la chungwa kwanza," alisema. "Halafu pilipili manga. Halafu mwishoni, ukisubiri, lile koti la baba. Limelowa mvua, limetundikwa karibu na jiko."

Leota alimkazia macho. Baba yao aliwafundisha mahali pa kutazama mtu anapodanganya, kwenye kona ya mdomo, kwenye mikono. Alitazama kote huko kwa muda mrefu, na hata alipomaliza hakuwa na uhakika, kwa sababu kitu pekee ambacho kingempa uhakika alikuwa hana tena. Kilichobaki ni mdogo wake na kofia yake ya kijani.

Simu ya ukutani ililia. Alikuwa Yesenia, bosi amefika, anataka jibu, vichupa virudi kwa msambazaji au vipi.

"Virudisheni rafuni," Leota alisema. "Ni mimi ninayeilima. Ile ni yenyewe."

Upande wa pili sauti ya msichana ikaja, yenye shaka zote za dunia. "Mchana umesema feki. Sasa hivi umejuaje kwamba ni yenyewe?"

Leota alimtazama Merle, aliyekuwa akifunga kifuniko taratibu kana kwamba kitavunjika.

"Mdogo wangu kaniambia," alisema.